Urithi mudogo wa mufanyakazi usikule miaka

Kilio kikiisha na viti vya kukodi vikirudishwa, mama mujane anabaki na mufuko wa makaratasi. Sisi wa sendika tunauona mufuko ule kila mara, Kikula, Panda na Shituru. Ndani muko karte ya kazi ya marehemu, karatasi ya hospitali na fishi za malipo. Anatuuliza paka neno moja: "Sasa naanzia wapi?"

Mwezi wa Novemba 2024, wakubwa wa haki walikutana Kinshasa katika Etats généraux de la justice. Walijiuliza juu ya nini haki ya Kongo inagonjwa na dawa yake ni nini. Sisi tunauliza: dawa hiyo itamufikia lini mujane wa muchimba migodi?

Sheria yenyewe inasema wazi. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaonyesha namna ya kugawa. Kwanza, mali iliyo ya bibi mwenyewe kufuatana na ndoa inatoka pembeni. Kwa ile inayobaki, watoto wanapata robo tatu, sawa kwa sawa, binti na kijana. Robo moja inagawiwa kwa mujane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Tuseme parseli na vitu vinafika dola 12.000, watoto ni 6. Kila mutoto anapata 1.500. Mujane 1.000, wazazi 1.000, ndugu wote pamoja 1.000. Tena mujane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba walimokaa na bwana yake.

Hesabu hiyo haikuli hata saa moja. Kinachokula miaka ni njia: karatasi ya kifo, mukutano wa famiye, tribinali kumukubali liquidateur, kisha ofisi ya parseli. Kila mulango na malipo yake. Ndugu mumoja akikataa kusaini, inakuwa kesi: avoka anaingia, siku inasogezwa, inasogezwa tena. Mwishowe parseli inauzwa kulipa madeni ya kesi.

Wenye kuandika sheria 1987 waliwaza juu ya urithi mudogo. Lakini kiwango chake walikiandika kwa zaïres, na feza ile haiko tena tangu 1998. Ndiyo maana tunaomba mambo matatu. Kiwango cha urithi mudogo kihesabiwe kwa feza ya leo, na dosye yake iishe kwa muda uliowekwa. Tribunal de paix, ambayo kufuatana na sheria ya 2013 inasikiliza mambo ya famiye na urithi, ije kukaa katika komini, karibu na watu. Na bei ya kila karatasi ibandikwe kwenye ukuta.

Wengine watasema mwendo wa haraka utafungulia wezi mulango. Ni kweli: mutu anaweza kuficha mutoto wa marehemu. Basi majina ya warizi yabandikwe kwanza kwenye komini na kartye, mwenye kupinga apinge, kisha juge akate.

Hapa kwetu jambo hili si dogo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa "départs volontaires". Wazee wengi kati yao wamekufa wakiwa bado wanadai. Kila muzee akikufa, dosye yake ya kazi inageuka dosye ya urithi, na mujane anaanza upya.

Tusingojee Kinshasa peke yake. Ndoa ya mahari iandikishwe etat civil. Mutoto wa inje atambuliwe na baba angali muzima, la sivyo atafungiwa mulango. Tena, pansheni ya CNSS ya mujane na yatima si urithi wa kugawa: mama asingojee ndugu wa bwana wapatane, aende mwenyewe na makaratasi yake.

Baba, leo ukitoka kazi, fungua sanduku na bibi yako muangalie pamoja. Karatasi inayokosekana, ni wewe unaweza kuitafuta kwa makuta kidogo. Yeye peke yake ataitafuta kwa miaka.