Kirungu cha Usukani



Mimi ni mtu wa reli, na garimoshi halina usukani; njia ya chuma ndiyo inayoliongoza. Basi mtu ataniuliza, "Wewe wa reli una shauri gani na usukani wa trakta?" Shauri langu ni mkono wa baba yangu.

Huku Boito, katika miaka ya 1990, baba aliendesha trakta ya Massey Ferguson 135, akivuta tela la majani ya chai. Usukani ulikuwa mzito, na mkono mmoja ulitakiwa kwenye gia. Baba akanunua kirungu kwa pesa zake, akakifunga kwenye duara la usukani. Madereva wazee wanakijua: ni kishikio kidogo cha mviringo, hujizungusha kiganjani, na dereva hukata kona kwa mkono mmoja.

Siku moja ya mvua gurudumu la mbele likaingia mtaroni, likagonga jiwe. Usukani ukazunguka kwa nguvu, kirungu kikampiga baba kifundo cha mkono, mfupa ukavunjika. Alipofika ofisini akaambiwa, "Kirungu ni chako, na ajali ni yako." Alikaa nyumbani wiki sita bila mshahara.

Kirungu hiki kilienea Marekani katika miaka ya 1930, wakati motokaa na malori yaligeuzwa kwa nguvu za mikono tu. Wamarekani wenyewe walikiita kirungu cha kujiua. Sababu ni hii: ukimaliza kona na kuachia, usukani hurudi wenyewe kwa kasi, na kirungu huzunguka pamoja nao. Hupiga kidole gumba, kiwiko au mbavu, au hunasa shati. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza motokaa zenye usukani unaosaidiwa na nguvu ya mafuta. Usukani wa namna hiyo ulipoenea, haja ya kirungu ilipungua.

Hatusemi kwamba kirungu ni kibaya kila mahali. Dereva mwenye mkono mmoja hukihitaji. Foklifti za ghalani nyingi huwa nacho, kwani huenda polepole juu ya sakafu laini. Lakini barabara zetu za murram, zenye mashimo na matope, si sakafu ya ghala.

Neno letu ni hili: kirungu ni dalili, ugonjwa ni usukani mzito. Hakuna dereva anayetoa pesa mfukoni kununua hatari kwa kupenda. Hununua kwa sababu magurudumu hayana upepo wa kutosha, viungio havijaona grisi, lori limejazwa kupita kiasi, na mikono imechoka. Relini dereva hajifungii kishikio chake kwenye injini; kila chombo huwekwa na karakana na kukaguliwa. Kwa nini dereva wa majani ya chai aachwe ajitengenezee?

Kwa hiyo tunasema:

1. Waajiri wenye trakta na malori ya zamani wakague usukani, upepo na grisi kila wakati. Gari lisilogeuzika kwa mikono ya mtu wa kawaida lisitoke.

2. Dereva akiona hatari, amwambie msimamizi mara moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka afanye hivyo, na mwajiri hawezi kumrudisha penye hatari kubwa kabla ya kuirekebisha.

3. Ukiumia, toa habari siku hiyo hiyo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri apeleke taarifa serikalini ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Usiambiwe "ajali ni yako" ukaenda zako kimya. Njoo kwa mwakilishi wa chama.

4. Wakati tunangoja, ndugu dereva, weka vidole gumba juu ya duara la usukani, si ndani yake, na mikono yote miwili kwenye njia mbaya.

Baba sasa ni mzee. Baridi ya Julai ikija, kifundo kile bado humuuma. Kirungu chake tumekiweka nyumbani juu ya kabati, na watoto wakiuliza ni kitu gani, tunawaeleza. Hatutaki nyumba nyingine ya Boito iwe na kirungu cha namna hiyo cha kueleza.

Umoja ni nguvu.