KONA YA KOMPYUTA: Kabla hujanunua betri mpya ya UPS

Mwezi huu nimeletewa maswali matatu, na yote yanahusu kitu kimodja: lile boksi zito linalokaa chini ya meza ya kompyuta, yaani UPS. Kazi yake ni kuishikilia kompyuta (au ordinateri, kama tulivyozoea kusema kule nyumbani) umeme unapokatika, ili upate muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Wa kwanza anasema UPS yake inalia ovyo. Wa pili anasema umeme ukienda tu, kompyuta nayo inaenda hapohapo. Wa tatu ameambiwa na fundi anunue betri mpya, anauliza kama ni kweli.

Nianze na huyu wa tatu, maana ushauri kama huo niliwahi kuutoa mimi mwenyewe, na aliyeumia si mimi.

Ilikuwa mwaka 2022. Wengi mnakumbuka, Januari ya mwaka ule kimbunga Ana kiliharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire, chenye uwezo wa karibu megawati 130, na kituo kikakaa zaidi ya mwaka bila kufanya kazi. Umeme ukawa wa kuvizia. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuwa anachapa barua na fomu za watu nyumbani kwake, na hizo ndizo zilikuwa zinaleta sabuni na mafuta mle ndani. UPS yake ikawa haishiki hata dakika moja. Siku moja kijana alikuja kuchapisha barua ya kuomba nafasi ya masomo, kurasa mbili, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake. Barua imeisha, bado kuihifadhi tu, umeme ukakatika. Aliiandika upya usiku ule kwa mkono, kwa mwanga wa tochi.

Mama akaniita. Nikafungua UPS, nikapima betri, nikakuta volti 11 na kidogo. Nikasema kwa kujiamini kabisa: "Mama, betri imekufa, tafuta nyingine." Akakopa kwenye kikundi chao cha akiba, akaagiza betri Lilongwe. Wiki za kwanza ikawa raha. Baada ya miezi mitatu akanifuata shuleni. "Mwalimu, ile betri yako imekufa tena, na deni sijamaliza."

Nilitaka kulaumu duka. Ila yeye akaniambia, njoo kwanza uone tunavyoishi nayo. Nikaenda jioni, nikakaa. Saa tatu usiku akamaliza kazi, akazima kompyuta vizuri, kisha akazima swichi ya ukutani. UPS ikaanza kulia, mtoto mdogo akaamka, mama akabonyeza kitufe cha UPS ikanyamaza. Kila siku ni hivyo, eti isile yuniti. Na asubuhi je? Asubuhi anawasha mteja akija, tena kama umeme upo.

Basi nikaelewa. Ile betri ilikuwa inakufa njaa. UPS inajaza betri yake pale tu inapopata umeme wa ukutani, na chaja yake ya ndani ni ndogo. Betri iliyoisha inataka kama saa 6 mpaka 8, pengine na zaidi, ili irudi. Mama alikuwa anaipa saa mbili tatu, umeme unakatika, betri inatumika, halafu inalala tupu mpaka kesho. Betri hizi ni za risasi na asidi kama ya gari. Zikilala tupu siku nyingi, juu ya vibati vya ndani inaota kitu kama chumvi ngumu, na ikishakomaa haitoki hata uchaji wiki nzima. Betri ya kwanza ilikufa hivyo, na ya pili ikafuata njia ileile kwa sababu mimi niliuliza betri, sikuuliza nyumba. Sehemu ya deni nililibeba kutoka posho yangu ya kujitolea, kidogo kidogo mpaka Desemba.

Sasa hesabu ya yuniti, maana ndiyo inayowatisha wengi. Chukulia UPS iliyojaa inakula wati 8 ikiwa imekaa tu. Kwa saa 24 ni wati-saa 192, yaani yuniti moja inaisha kwa siku tano hivi, yuniti sita kwa mwezi. Linganisha na bei ya betri, kisha uamue mwenyewe. Na UPS nyingi zinaendelea kujaza betri hata kitufe chake cha mbele kikiwa kimezimwa. Kwa hiyo usiku zima kompyuta, zima kitufe cha UPS, acha swichi ya ukutani imewashwa. Kama UPS itakaa wiki nyingi bila kutumika, ijaze kwanza, uizime, na uirudishe kwenye umeme kila baada ya miezi michache.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeambiwa ununue betri: kwanza iache UPS kwenye umeme mchana na usiku, umeme ukikatika usiitumie. Halafu ichomoe ukutani, itoe betri, iache ikae saa chache, ndiyo upime. Betri nzima ya volti 12 itaonyesha 12.7 hivi. Ikionyesha 10 na kitu baada ya kujazwa vile, chumba kimoja kati ya sita vya ndani kimekufa, hapo fundi wako amesema kweli. Kipimo kizuri bila kupima volti ni kufunga balbu ya zamani ya wati 60 kwenye UPS iliyojaa na kuchomoa waya wa ukutani. Balbu ikizima ndani ya dakika moja, betri haina kitu. Usijaribu kwa kompyuta yenye kazi ya mtu. Pia tazama umri: miaka 3 mpaka 5 ni maisha ya kawaida ya betri hizi, na chini ya bati la moto ni pungufu. Nyumba zetu mnazijua Oktoba.

Kwa yule ambaye kompyuta inazima hapohapo: umefunga nini kingine? Nilishakuta pasi. Betri ndogo ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasi. Kompyuta na skrini zikila wati 120 ungesema dakika 42, lakini betri ikivutwa kwa nguvu haitoi yote, shukuru ukipata 15. Printa ya leza usiifunge kabisa kwenye matundu ya betri, ikipasha moto inavuta kuliko uwezo wa UPS ndogo. Na kama UPS ni mpya na haijawahi kushika hata siku moja, angalia betri: nyingi hutoka kiwandani waya mmoja haujaunganishwa.

Kulia: mlio mmoja kila sekunde chache maana yake inatumia betri, ni kawaida. Milio ya harakaharaka, betri inaisha, hifadhi kazi sasa hivi. Mlio usiokatika mara nyingi ni mzigo mkubwa. Ikilia na huku umeme upo, huenda umeme wenyewe ni dhaifu, hasa wa jenereta.

Kabla ya kushika bisibisi, chomoa waya wa ukutani, vua pete na saa, ondoa watoto. Mle ndani kuna sehemu zinazobaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa, kwa hiyo ishia kwenye betri tu, mengine mwachie fundi. Nyaya mbili za betri zisigusane. Msiunganishe betri ya gari, ile chaja ndogo haiiwezi, na betri ya gari inatoa hewa inayoweza kulipuka chumbani. Msitie maji kwenye betri iliyofungwa. Na betri iliyokufa msiivunje kutafuta risasi, hiyo ni sumu, na watoto wadogo ndio inawadhuru zaidi. Wauzieni wanaokusanya betri kuukuu.

Jumamosi saa nne nitakuwa darasani na mita. Aje na UPS iliyokwisha kujazwa, asilete tupu. Na aliyeuliza kwa nini kompyuta yake inajizima kila baada ya dakika kumi hata umeme ukiwepo alisahau kuandika jina. Apite aniambie kama ile feni ya ndani inazunguka, nimjibu mwezi ujao.