Mpangaji Mkubwa na Wapangaji Wadogo

Wameniandikia ndugu watatu wa Meru, kaka wawili na dada yao, warithi wa jengo la orofa mbili aliloliacha marehemu baba yao. Chini mna maduka saba: muuza nguo, kinyozi, wakala wa M-Pesa, duka la pembejeo na wengineo, wote wakilipa kodi kwa neno la mdomo tangu zama za mzee. Sasa amekuja mwenye supamaketi, aitaka sehemu yote ya chini kwa miaka kumi. Kaka wataka wapangaji wahame mwisho wa mwezi, dada anasita. Wauliza: je, jengo si letu?

Ni lenu, naam. Lakini mwenye kukodisha ameuza manufaa ya kitu kwa muda, na ndani ya muda huo manufaa si yake. Hivyo ndivyo mafakihi walivyoieleza ijara, na sheria ya Kenya haiko mbali. Sura ya 301, ihusuyo maduka, hoteli na nyumba za kulia, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, na pia mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Wengi hudhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Kumbe huyo ndiye wa kwanza kulindwa. Kumwondoa, au kumpandishia kodi, hutaka notisi katika fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, yenye kutaja sababu. Akipinga, shauri huenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, na notisi husimama hadi liamue. Kumfungia mlango kwa kufuli ili achoke ni kosa la jinai.

Sababu zenyewe zinajulikana: kodi kucheleweshwa miezi miwili, jengo kubomolewa au kujengwa upya, mwenye nyumba kutaka kuendesha humo biashara yake mwenyewe. Kupata mpangaji mwenye fedha zaidi haimo.

Tena huyo mkubwa mumpime vyema. Supamaketi huvuta watu, na kwa sababu hiyo hudai kodi nafuu kwa kila futi ya mraba kuliko kinyozi. Nakumatt ilikuwa na duka hapo hapo Meru. Ilianza kuporomoka mwaka 2017, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Miongoni mwa waliobaki na madeni walikuwamo wenye majengo. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo. Maduka saba hayafilisiki siku moja.

Ingawa nayo hutikisika pamoja. Fedha ya Meru hutoka shambani: Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoizuia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, pigo halikuishia kwa mkulima. Embu nako mwuza duka hungoja malipo ya kahawa na majani chai. Mwenye jengo mwenye busara huijua misimu hiyo, asimhesabie mpangaji ucheleweshaji wa wiki mbili kuwa uasi.

Mkiandikiana na supamaketi, tazameni kifungu cha kuvunja mkataba. Mkataba wa miaka kumi unaoruhusu kuvunjwa ndani ya mitano, pasipo kosa la yeyote, huangukia tena chini ya Sura ya 301. Takeni dhamana ya benki. Na ulizeni kama mzee alipokea kilemba kwa yeyote kati ya wale saba, kwani jambo hilo huzuka siku ya notisi.

Fungu la dada katika mirathi ya Kiislamu ni nusu ya la kaka. Rai yake si nusu. Mtu asitie sahihi kabla ya mirathi kuthibitishwa na warithi wote watatu kukubaliana.

Orofa ya juu hamkuitaja. Ikiwa i tupu, mwonyesheni mwenye supamaketi hiyo kwanza, mtengeneze ngazi pana, na wale saba wabaki mlangoni walipo.