Plastiki kwenye bomba la moshi
Mvua ya Kisangani haipigi hodi. Abiria anarukia pikipiki pale Soko Kuu, mfuko wa plastiki kichwani na mwingine mapajani. Kabla hajafika Mangobo, pindo la mfuko limegusa bomba la moshi na kuganda kama lami. Kesho yake utamkuta dereva amechuchumaa, waya wa kusugulia sufuria mkononi, anakwangua kwa hasira. Plastiki inatoka, kweli, lakini na rangi inatoka nayo, na katika mji wenye unyevu kama huu wetu, chuma kilicho uchi hakikawii kushika kutu. Ndugu yangu, haraka haraka haina baraka. Plastiki ya mifuko hii hulainika kabla ya nyuzi 130 za joto. Basi washa injini dakika chache, izime, kisha sukuma uchafu taratibu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa. Kwa masalia, subiri bomba lipoe kabisa, lifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ulioshe kwa sabuni na kulikausha kabla ya kuwasha tena. Petroli kwenye bomba la moto ni kujitafutia msiba. Ila dawa hasa iko kwingine: serikali ilipiga marufuku mifuko hii mwishoni mwa 2017, nasi bado tunaivaa kama koti. Kila mvua inyeshapo, bomba linatukumbusha sheria tuliyoisahau.