Radi Haitumwi na Jirani



Radi inapomuua mtu shambani, katika baadhi ya vijiji vyetu swali huulizwa kabla kaburi halijafukiwa: “Nani ameituma?” Na jibu, likipikwa na ramli chonganishi, humwangukia bibi kizee aishiye peke yake. Twasema wazi: swali hilo lenyewe ni ovu.

Radi huzaliwa winguni. Hewa yenye joto na unyevunyevu hupanda hadi penye baridi kali. Humo chembe nyepesi za barafu hugongana na punje nzito za barafu laini. Kwa kawaida zilizo nyepesi hubaki na chaji chanya na kupeperushwa juu. Zile nzito huchukua chaji hasi na kubaki chini yake. Hivyo wingu hugawanyika mithili ya betri kubwa.

Hapo mtetezi wa ramli hutudaka: “Padre, hata wataalamu hawajui cheche ya kwanza huwashwaje!” Kwa sehemu, asema kweli. Hewa kavu katika usawa wa bahari huhitaji takribani volti milioni 3 kwa kila mita ili ipasuke. Vipimo vilivyopandishwa mawinguni kwa maputo kwa kawaida hukuta kama sehemu ya kumi tu. Hewa ya juu hupasuka kwa urahisi zaidi, lakini pengo halizibiki. Wengine hudhani ncha za barafu hukuza nguvu ya umeme. Wengine, wakimfuata Mrusi Alexander Gurevich na wenzake walioandika mwaka 1992, hutaja elektroni ziendazo kasi, zikichochewa na miale itokayo anga za mbali. Mjadala haujafungwa.

Lakini pengo la elimu si ushahidi dhidi ya jirani! Mtaalamu asiyejua hurudi kupima. Mpiga ramli asiyejua hutaja jina. Wala sisi tusimfiche Mungu katika pengo hilo, kana kwamba Yeye ni Bwana wa yale tu tusiyoyaelewa. Amtajaye mtu bila ushahidi amevunja Amri ya Nane, na mara nyingi amemfungulia mwingine njia ya kuivunja ya Tano.

Basi, ngurumo ikisikika, tuondoke shambani na chini ya miti, tuingie katika nyumba imara, tungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na matangani tumlilie marehemu, tusimtafute wa kumfuata.