Aibu Yawaponza Wanaume Wenye Saratani ya Uume

Wapo wanaume wanaoweza kuzungumza kutwa nzima juu ya presha na kisukari chao, lakini kidonda kikizuka kwenye uume hunyamaza kimya. Hununua dawa ya kupaka dukani, hujaribu miti shamba, hungoja, na aghalabu miezi mingi hupita kabla ya daktari kukitazama. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Huyu afichaye kidonda naye huweza kukipoteza kiungo chenyewe.

Hapana budi tuliseme jambo hili waziwazi, kwani Kiswahili hakikosi maneno ya staha: uume, au dhakari. Upasuaji wa kuiondoa dhakari, sehemu yake au yote, hufanywa hasa kwa sababu ya saratani. Mwaka 2020 wagonjwa wapya wa saratani hii walikadiriwa kuwa 36,000 hivi ulimwenguni. Katika nchi tajiri ni maradhi adimu. Hapa Afrika Mashariki si mageni hata kidogo. Mwaka 1963 madaktari Dodge na Linsell walichapisha utafiti wao juu ya saratani hii miongoni mwa Waafrika wa Uganda na Kenya.

Govi lisiloweza kuvutwa nyuma huhifadhi uchafu na kuleta uvimbe wa mara kwa mara. Takriban nusu ya saratani hizi huhusishwa na virusi vya papiloma, vile vile visababishavyo saratani ya mlango wa kizazi kwa wanawake. Tumbaku nayo huongeza hatari, kadhalika virusi vya UKIMWI. Aliyetahiriwa utotoni hupungukiwa sana na hatari hiyo. Tohara ya ukubwani haionekani kukinga kwa kiasi hicho.

Kidonda kikigunduliwa kingali juu juu, daktari aweza kukitibu kwa dawa ya kupaka, kwa leza, au kwa kuondoa ngozi kidogo tu. Kikizama ndani, ncha hukatwa. Kikizama zaidi, uume wote huondolewa na mkojo hutengenezewa njia mpya nyuma ya korodani, hata mgonjwa akawa anakojoa akiwa amechuchumaa au ameketi. Tezi za kinena nazo huchunguzwa, maana huko ndiko saratani hii huanza kusambaa, na kusambaa ndiko kunakoua.

Wengi huuchanganya upasuaji huu na uhasi. Si kitu kimoja. Korodani hubaki, homoni huendelea kutengenezwa. Ndevu, sauti na ashiki hazitoweki. Aliyebakiwa na sehemu ya kutosha huweza kukojoa wima, na wengine huendelea na tendo la ndoa. Mzigo mkubwa huwa ni wa moyoni: huzuni, kujitenga, kumkwepa mke chumbani. Nionavyo mimi, daktari asiyemshauri mgonjwa aje na mkewe kabla ya siku ya kisu amefanya nusu ya kazi.

Saratani, hata hivyo, si sababu pekee. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wapo vijana waliopoteza uume baada ya kutahiriwa jandoni na watu wasio na ujuzi, kidonda kikafungwa kwa kukazwa mno hata damu isipite, nyama ikaoza. Desemba 2014, Profesa André van der Merwe na wenzake katika hospitali ya Tygerberg, Cape Town, walimpandikizia kijana wa miaka 21 uume wa marehemu, katika upasuaji uliochukua saa tisa. Huo ndio uliokuwa wa kwanza kufaulu ulimwenguni. Ni fahari kwa Afrika, lakini aliyepandikizwa hulazimika kumeza dawa za kudhoofisha kinga ya mwili, jambo la hatari kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Ndipo ninapomgeukia mwalimu wa biolojia. Afundishapo mfumo wa uzazi, dakika tano zamtosha kuwaambia wavulana jinsi ya kuosha chini ya govi, na kwamba kidonda au kinundu kisichopona kwa wiki chache ni cha kupelekwa hospitalini. Yawapasa kuyasikia hayo, kwani chanjo ya virusi vya papiloma ilipoingizwa katika mpango wa taifa la Kenya, Oktoba 2019, ililengwa kwa wasichana wa miaka 10. Wavulana wa darasa lilo hilo hawakuhesabiwa.