Chumba Pepe Kisiwe Chumba Bubu

Mwezi uliopita, wanafunzi watatu wa kitivo hiki, nami nikiwa mmoja wao, tulijenga ndani ya kompyuta chumba kimoja cha Mabanga Nord. Ni sebule ya nyumba ya mbao, bati juu na mawe ya volkano chini, kama nyumba nyingi za mtaa huo. Tulipomaliza tulimvisha mwenye nyumba miwani ya uhalisia pepe, tukangoja atusifu. Mama aligeuka kushoto, akageuka kulia, akainama kidogo, kisha akasema: "Batoto, hapa haiko kwangu. Iko inafanana tu."

Naamini alikuwa na haki. Naamini pia kwamba kosa halikuwa la mashine. Lilikuwa letu sisi watu wa lugha.

Kazi yenyewe si uchawi. Unapiga mamia ya picha kwa simu, kila moja ikiingiliana kwa sehemu kubwa na ile iliyotangulia. Programu hutafuta alama zilezile katika picha mbalimbali, hukadiria kila picha ilipigwa kutoka wapi, kisha huunda umbo la chumba na kulivika rangi zake. Mbao zenye mafundo na misumari ni rahisi kwake. Kioo humdanganya: huamini kilichomo na kujenga chumba cha pili nyuma ya ukuta. Chandarua na pazia linalopepea hutoka vipande vipande. Yanapobaki matundu, mjenzi huyaziba kwa mkono.

Tuliziba mengi. Mojawapo lilikuwa chini ya mlango, nafasi ya upana wa kiganja. Tulidhani ni kasoro ya picha, ingawa sisi wenyewe tulikuwa tumepita hapo mara ishirini bila kutazama chini. Mama ndiye aliyeuliza nafasi yake imekwenda wapi. Mlango ule, alituambia, haukutengenezwa kwa nyumba hii. Ni wa nyumba yake ya kwanza, iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipotapika na lava ikaanza kuushukia mji, mume wake aling'oa mlango akaupakia kwenye chukudu pamoja na godoro. Nyumba ikabaki chini ya lava. Ile ya Mabanga ilipojengwa, mlango ukaonekana mfupi, na hakuna aliyetaka kuubadilisha. Usiku nafasi ile huzibwa kwa kipande cha kitenge, baridi isiingie.

Basi sisi, kwa nia ya kusahihisha, tulikuwa tumeifuta habari kubwa kuliko zote za chumba kile. Hatukuijua kwa sababu hatukuuliza.

Tulikosea pia katika majina. Mmoja wetu aliandika "jiko la makaa" juu ya kile ambacho kila nyumba ya Mabanga huita mbabula. Mama alicheka. Darasani tungepata alama kwa kuandika vile. Nyumbani kwake tulionekana wageni.

Wapo watakaosema kwamba kuhifadhi majengo ni kazi ya wapimaji, sisi tubaki na sarufi. Ni kweli kwamba wapimaji wamefanya makubwa. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao jina lake ni neno letu, umepima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani. Lakini tazameni pia Amsterdam. Katika nyumba aliyojificha Anne Frank, vyumba halisi viko vitupu, kwa matakwa ya baba yake, Otto Frank. Mwaka 2018 ilitolewa ziara ya uhalisia pepe inayovionyesha vyumba hivyo vikiwa na vitanda, meza na vyombo. Mgeni anayeingia humo anakijua kitanda ni cha nani na kwa nini dirisha limefunikwa, kwa kuwa shajara ilikwisha kuandikwa. Maneno yalitangulia, chumba kikafuata. Mabanga hakuna shajara. Ipo midomo, na midomo hiyo haingoji.

Wengine watasema mji wetu hautupi muda: tupige picha leo, maneno tutayatafuta kesho. Naielewa haraka hiyo. Tarehe 27 Mei 2021, gavana wa kijeshi alipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihame, Mabanga Nord na Mabanga Sud zikiwemo, tulikwenda Sake kwa miguu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupiga picha sebule. Januari 2025 risasi zilitufundisha somo hilohilo. Lakini kwa sababu hiyohiyo nasema sauti itangulie. Fundi anaweza kupigilia mbao nyingine. Mtu akihama au akifa, hakuna programu itakayokadiria alichokijua.

Kuna na jambo la usalama. Tulipoikuza picha yetu tuliona kadi ya mpiga kura mezani, namba inasomeka, na kufuli la mlango linaonekana wazi. Katika mji unaolala kwa hofu ya wezi, kumwekea mtu chumba chake hadharani namna hiyo ni kumwanika.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa kitivo. Kwanza, mwenye chumba awe wa kwanza kukiingia, na awe na haki ya kufuta chochote, hata chumba chote. Pili, kila kitu kiitwe kwa sauti ya watu wa nyumba, kwa Kiswahili cha Goma, na kwa Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au Kishi kama ndivyo wanavyosema, wala tusiwasahihishe. Kiswahili sanifu kina nafasi yake katika maelezo, na maelezo yakae pembeni. Tatu, kazi ya namna hii ikubaliwe kuwa kazi ya mwisho wa masomo. Mwanafunzi aliyerekodi na kueleza majina ya vyombo vya sebule moja amefanya isimu kamili.

Tumekwisha kulifungua lile tundu chini ya mlango, na kadi tumeifuta. Hata hivyo Mama alipovaa miwani mara ya pili alitikisa kichwa. "Kwangu kuko batu," alisema. Jumamosi tunarudi kwake na kinasa sauti, saa ya jioni, watoto wake wakiwapo wote.